Dirisha Limeota Chumvi: Kutafuta Chanzo Rangi ya Aluminiamu Inapoharibika Pwani ya Tanga

"Fundi, si uliniambia aluminiamu haishiki kutu? Njoo uone." Simu za namna hii huja zaidi wakati wa upepo wa Kusi, na nyingi hutoka Raskazone, Sahare au Mwambani, kwenye nyumba zinazotazamana na bahari. Nikifika nakuta rangi imevimba pembeni mwa fremu, unga mweupe umezunguka skrubu, na mwenye nyumba ameshanunua kopo la rangi ili nipake juu yake palepale. Ningekubali, baada ya miezi michache angenipigia tena, na safari hiyo asingeniita fundi.

Kutu nyekundu ya chuma aluminiamu haina. Ikiguswa na hewa hujivika ngozi ya oksidi yenye unene wa nanomita chache, na ukiikwaruza inajivika tena. Maadui wake ni watatu, na Tanga tunao wote. Chumvi ya bahari hutoboa ngozi hiyo kidogo kidogo, tundu moja hapa na moja pale. Saruji na chokaa huiyeyusha. Metali nyingine ikigusana nayo penye unyevu huifanya aluminiamu iliwe ili yenyewe ibaki. Pauda (rangi ya unga inayookwa kwenye oveni), anodaizi (oksidi iliyoneneshwa kiwandani kwa umeme) na rangi ya kupuliza ni nguo juu ya ngozi hiyo, na nguo hizi hazichakai bila sababu. Karibu kila tatizo nitakalolitaja hapa lilianzia mahali padogo panapoonekana kwa macho: ncha iliyokatwa, tundu la skrubu, mkwaruzo, doa la saruji. Patafute mahali hapo kwanza.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Osha sehemu yenye tatizo kwa maji ya bomba au ya mvua na sabuni ya vyombo, suuza sana, kisha subiri ikauke. Maji ya kisima cha karibu na ufuo usiyatumie, kwani mengi yana chumvi na utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Mara kadhaa malalamiko yameishia hapa: kilichodhaniwa kuwa rangi imekufa kilikuwa ukoko wa chumvi na vumbi, na chini yake dirisha lilikuwa zima.

Kisha ujue ni nguo gani iliyovaliwa. Weka mita ya umeme kwenye kipimo cha mlio na ugusishe ncha zake mbili juu ya chuma, yaani ile aluminiamu. Ikilia, aluminiamu iko uchi. Isipolia, kuna kinga. Kama unauona mng'ao wa chuma chenyewe chini ya rangi, hata iwe ya shaba au nyeusi, na ukucha haushiki popote, hiyo ni anodaizi. Kama rangi ni nene, imeziba kabisa chuma, na pembe zake zimekuwa za mviringo kidogo, hiyo ni pauda iliyookwa. Alama za brashi au matone yaliyoganda maana yake ni rangi ya kawaida, na mara nyingi fundi mwingine alishapita hapo kabla yako.

Muulize mwenye mali ilianza lini, ilianzia wapi, na nani amefanya kazi karibu na hapo. Swali la mwisho ndilo lililonipa majibu mengi kuliko vifaa vyangu vyote.

RANGI INABANDUKA KWA MAPANDE

Chukua kibanzi kimoja ukigeuze. Mgongo wake ukiwa msafi na chuma chini kinang'aa, rangi haikushika tangu siku ya kwanza. Ukiona rangi pande zote mbili, yaani kibanzi kina rangi na chuma nacho kimebaki na rangi, basi tabaka la juu ndilo lililokataa tabaka la chini.

Sababu ya kawaida kabisa ni mafuta: ya kiwandani, ya mashine ya kukatia, au jasho la mikono. Mwagia maji safi kwenye chuma kilicho wazi. Yakitandaa kama karatasi, pako safi. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la magimbi, pana mafuta. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na bado sijaona mafundi wengi wakikitumia.

Inayofuata ni kukosa praima inayofaa, lile tabaka la kwanza la kushikisha rangi. Rangi ya mafuta ya kupakia mageti, ikiwekwa moja kwa moja juu ya aluminiamu, hukaa kama kibandiko. Aluminiamu inataka praima ya epoksi au praima ya asidi ya kung'ata chuma. Na hizi mbili usizipange moja juu ya nyingine mpaka karatasi ya mtengenezaji iseme inawezekana, kwa sababu asidi iliyobaki inaweza kuizuia epoksi isikauke vizuri.

Ya tatu ni muda. Fundi anasugua leo na kupaka kesho. Usiku huo unyevu wa bahari umeshatua na oksidi imeshajijenga upya, tena isiyo safi. Mimi nikisugua asubuhi napaka praima kabla ya adhuhuri. Nikichelewa, nasugua upya.

Kwa pauda ongeza sababu moja: haikuiva. Lowesha kitambaa cheupe kwa thina, usugue mahali pa kificho mara ishirini au thelathini. Rangi ikija kwa wingi na uso ukalainika, oveni iliidanganya. Pauda nyingi huiva chuma chenyewe kinapofika nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi na kukaa hapo dakika kumi au zaidi. Saa ya oveni husoma joto la hewa, wakati profaili nene, zile fimbo za aluminiamu za kuundia fremu, huchelewa kulifikia.

Kujua kama sehemu iliyobaki bado imeshika, kata mistari sita na mingine sita inayokatiza, nafasi ya milimita 2 kwa pauda na milimita 1 kwa rangi nyembamba. Bandika tepu nzuri, ibonyeze, uivute kwa nguvu. Vimraba vikibaki, rangi hiyo iache ilivyo. Vikitoka vingi, usipoteze muda kuziba viraka.

Kwa eneo dogo, ondoa rangi mpaka ufike inaposhika, sugua kwa msasa namba 240 hadi 320, futa mafuta kabla ya kusugua na baada yake, paka praima, kisha rangi ya juu ya poliurethani. Fremu nzima ikiwa imekataa, ivue, rangi yote iondolewe, irudi kwenye oveni.

Hapa kuna onyo. Wapo wanaotoa rangi kwa kostiki soda. Kostiki inaila aluminiamu yenyewe, inachemka, na inatoa gesi ya hidrojeni inayowaka. Pia, rangi za poliurethani za kopo mbili zinapopulizwa hutoa mvuke unaoweza kukupa pumu ya maisha, na barakoa ya karatasi haisaidii kitu. Kama huna kifaa cha kupumulia hewa safi, tumia brashi au mpe kazi mwenye nacho.

NYUZI NYEMBAMBA ZINATAMBAA CHINI YA RANGI

Huu ndio ugonjwa wa pwani hasa, na wengi huuchanganya na mchwa au mikwaruzo. Rangi inaonekana nzima, lakini chini yake kuna mistari kama njia za funza, mara nyingi isiyofika upana wa milimita moja, inayojipinda kutoka kwenye kona. Ukiukwangua mmoja unakuta unga mweupe mkavu. Kichwa cha uzi ndicho kilicho hai: ndani yake kuna tone la maji ya chumvi yenye asidi na hewa kidogo, linalokula mbele na kuacha mkia mkavu nyuma. Kinachohitajika ni mlango tu wa kuingilia, chumvi na unyevu. Hapa Tanga chumvi na unyevu havipungui, kwa hiyo kazi yetu yote ni milango.

Mlango wa kwanza tunautengeneza sisi wenyewe. Profaili hutufikia zikiwa na pauda tayari, ndefu, nasi tunazikata nyuzi 45 kwa msumeno. Kila kona ya dirisha ina ncha mbili zisizo na kinga yoyote, zimefichwa ndani ya kiungo kinachohifadhi maji. Angalia nyuzi zinakoelekea: zikitoka kona za chini, jibu unalo. Dawa ni ya dakika mbili wakati wa kuunga: paka varnishi au gundi ya kuzibia kwenye ncha zilizokatwa kabla ya kubana kona, na toboa vitundu vya kutolea maji chini ya fremu, kisha navyo uvipake kingo. Mimi mwenyewe nilifanya kazi hii miaka mingi bila kupaka ncha hata moja.

Mlango wa pili ni matundu ya skrubu na bawaba, kwa sababu hiyo hiyo.

Wa tatu uko kiwandani, na wewe huwezi kuurekebisha: chuma hakikuoshwa na kuchunwa vya kutosha kabla ya pauda. Utaujua kwa sababu nyuzi huanza kila mahali, hata kutoka kwenye mkwaruzo mdogo wa ufunguo katikati ya fremu. Lebo ya ubora ya Ulaya iitwayo Qualicoat ina daraja lake la majengo ya baharini, nalo linadai angalau gramu 2 za aluminiamu ziondolewe kwa kila mita ya mraba kabla ya kupaka. Muuzaji wako muulize dawa iliyotumika chini ya pauda na gramu zilizoondolewa. Akishangaa swali, na wewe umeshapata jibu.

Unene wa pauda nao unapimika. Kwenye aluminiamu isiwe pungufu ya mikroni 60 kwa wastani (mikroni elfu moja ni milimita moja). Lakini usidanganyike: nimeona pauda ya mikroni 100 imejaa nyuzi kwa sababu chini yake palikuwa pachafu. Unene si dawa ya ugonjwa huu.

Kutibu, fuata uzi mpaka kichwani na upite mbele yake kwa sentimita moja au mbili. Ondoa rangi, sugua mpaka weupe wote uishe, osha mara mbili kwa maji matamu, kausha, paka praima siku hiyo hiyo. Ukiacha kichwa kimoja hai, kitaendelea na safari chini ya kiraka chako. Nyuzi zikiwa kwenye madirisha yote ya nyumba mpya, usipake kitu. Piga picha, tunza risiti, umwite muuzaji, kwa sababu ukishaparuza hakuna atakayekubali kwamba kosa lilikuwa lake.

UNGA MWEUPE KUZUNGUKA SKRUBU, BAWABA AU RIVETI

Mama mmoja wa Raskazone alikuwa na madirisha sita ya sebuleni, yamewekwa siku moja na fundi mmoja. Moja tu lilikuwa limeliwa kwenye reli ya chini, vitundu vyeusi vyenye unga mweupe, pauda imeinuka kama upele. "Hilo moja lilikuwa feki," akaniambia. Nikatazama juu. Bomba la shaba la kiyoyozi lilipita ukutani juu ya dirisha hilo, sponji yake imechanika, na tone baada ya tone la maji likashuka kwenye reli. Maji yanayopita juu ya shaba huchukua chembe zake, na chembe hizo zikitua kwenye aluminiamu kila moja inageuka betri ndogo. Tukaziba sponji, tukabadilisha reli. Yale matano mengine hayajawahi kuguswa.

Metali mbili tofauti, zimegusana, zimelowa maji ya chumvi: hapo kuna betri, na aluminiamu ndiyo inayolipa. Ukipanga wanaosababisha, kwa ninavyowaona hapa, foleni iko hivi.

1. Skrubu za chuma zilizopakwa zinki. Mwanzoni hakuna shida, maana zinki inaliwa kabla ya aluminiamu. Zinki ikiisha utaona kahawia ya kutu ikitiririka, kisha weupe kando yake.

2. Skrubu za stenlesi zisizo na wosha ya nailoni. Stenlesi yenyewe inabaki inang'aa, na ndiyo maana watu hawaishuku.

3. Bawaba, kufuli na vitasa vya shaba nyeupe au njano, vilivyofungwa moja kwa moja kwenye fremu.

4. Grili ya chuma au nondo iliyosukumwa mpaka ikagusa fremu.

5. Vumbi la grenda na cheche za kuchomelea. Fundi wa geti akikata chuma karibu na dirisha lako, chembe zinatua kwenye pauda na kuota kutu baada ya wiki. Hizi zikiwa bado juu juu, zinatoka kwa kusugua taratibu.

6. Bomba la kiyoyozi, kama la yule mama.

Ukubwa wa kila upande nao una neno. Riveti ndogo ya aluminiamu ikishika bati kubwa la stenlesi ni mdaiwa mmoja mwenye wadai mia, itaisha haraka. Skrubu ndogo ya stenlesi kwenye fremu kubwa ya aluminiamu inavumilika, hasa mbali kidogo na bahari.

Pima kwa mita: ncha moja kwenye kichwa cha skrubu, nyingine kwenye aluminiamu iliyokwaruzwa mahali pa ndani. Ikilia, vimegusana. Fungua skrubu, safisha kwa brashi ya nailoni au ya waya wa stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida kinachoshika kutu, panua tundu kidogo, weka bushi na wosha ya nailoni, funga kwa gundi ya kuzibia isiyo na asidi. Silikoni yenye harufu ya siki iache kwenye bafu: harufu hiyo ni asidi ya siki, na hutaki asidi ndani ya tundu.

Kuna jambo linalowashangaza wanafunzi wangu. Kama una rangi ya kutosha upande mmoja tu, paka ile stenlesi, si aluminiamu. Ukipaka aluminiamu peke yake, siku inapokwaruzwa nguvu yote ya betri itaelekea kwenye mkwaruzo huo mmoja na kutoboa kama msumari. Ukipaka pande zote mbili, hapo ndipo ulale.

Simama hapa: kama kilicholiwa ni bolti zinazoshika kizuizi cha roshani, ngazi, au paa la kioo, usibadilishe moja moja ukiwa juu. Upana uliobaki wa chuma haupimiki kwa macho. Mwite mhandisi au fundi wa miundo, na watu wasiegemee hapo mpaka afike.

MALENGELENGE

Toboa moja kwa sindano. Likiwa na maji, chini yake kulibaki chumvi: rangi huruhusu mvuke upite kidogo kidogo, chumvi inauvuta, maji yanajikusanya na kuinua rangi. Hili ni kosa langu la zamani. Nilipaka boti dogo pale ufuoni Deep Sea, hapa Tanga, alasiri ya Kusi, nikiwa nimelipangusa vizuri kwa kitambaa kikavu, nikajiona mjanja. Kitambaa kikavu hakitoi chumvi, kinaisambaza. Sasa naosha kwa maji matamu, nakausha, naosha tena, na napaka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, umande ukiwa umeondoka na haujarudi. Wenye vipimo wanasema uso wa chuma uwe na joto la angalau nyuzi 3 zaidi ya lile ambalo umande hutua, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Masika kuna siku kipimo hicho hakifikiki kabisa, ukalazimika kumwambia mteja arudi wiki ijayo.

Lengelenge likiwa kavu na chini yake kuna kitundu, hasa kwenye vipande vya kusubu kama mfuniko wa gia au rimu, ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya chuma ikatoka wakati wa kuoka. Kipande kama hicho huokwa kwanza kikiwa uchi, kitoe hewa yake, ndipo kipakwe.

MADOA MEUPE AU MEUSI KWENYE ANODAIZI

Nitapita haraka, maana habari zake si nzuri. Saruji au chokaa mbichi ikidondokea anodaizi na kukaukia hapo, inaacha doa lisilotoka. Alkali imeshaila kinga. Asidi ya kusafishia vigae hufanya vivyo hivyo, na mara nyingi mkosaji ni fundi vigae aliyemwaga ndoo ya mwisho kwenye kizingiti. Likiwa bichi, osha kwa maji mengi papo hapo, usisugue. Likishakauka, kitu pekee unachoweza ni kung'arisha kidogo kwa losheni ya kung'arishia magari, au kubadilisha kipande. Anodaizi haitiwi kiraka nyumbani. Mwambie msimamizi madirisha yawekwe baada ya lipu, au yabaki na plastiki yake mpaka lipu iishe. Na mbele ya bahari usikubali anodaizi chini ya mikroni 20. Ya mikroni 10 ni ya ndani ya nyumba.

RANGI IMEPAUKA, INAACHA UNGA MKONONI

Jua limekula rangi ya juu. Kama rangi hiyo ni epoksi, ndivyo ilivyo: epoksi hushika vizuri ila jua hailiwezi, inahitaji kufunikwa na poliurethani. Osha, sugua kidogo, paka tabaka la juu. Ikiwa chuma hakijaonekana, hakuna haraka.

BOTI LIMEPATA VITUNDU CHINI YA MAJI

Kwanza tazama zinki, zile anodi zilizofungwa kwenye boti na kwenye mguu wa injini ili ziliwe badala ya boti. Zimeisha? Badilisha zikifika nusu. Zimepakwa rangi? Hazifanyi kazi. Ziko kamili kama zilivyonunuliwa miaka miwili nyuma? Hiyo si habari njema, maana hazijagusana na boti. Kwa maji ya bahari tumia za zinki au za aluminiamu. Za magneziamu ni za maji matamu, na baharini nguvu yake inaweza kung'oa rangi.

Pili, soma kopo la rangi ya kuzuia chaza na majani ya bahari. Nyingi zina oksidi ya shaba, na hizo kwenye boti la aluminiamu ni sumu. Kama imeshapakwa, inatoka yote, bila mjadala.

Tatu, tazama kinachogusa boti ndani: zulia lililolowa, mbao mbichi, sarafu iliyoanguka chini ya sakafu, waya wa shaba. Nne, umeme unaovuja kutoka kwenye betri au chaja. Vitundu vipya vikitokea ndani ya wiki chache, shuku huu wa nne, zima swichi kuu, na umtafute fundi umeme wa boti. Usijaribu mwenyewe, hasa chaja ikiwa inatumia umeme wa nchi kavu, kwani uvujaji huo unaweza kumuua anayeogelea karibu.

Sababu ya mwisho ni adimu, ila kwetu tuna wachimbaji dhahabu huko Handeni, basi niiseme. Zebaki ikidondokea aluminiamu, huzuia ngozi isijijenge, na chuma kinaota manyoya meupe kinaendelea kuliwa mpaka kitoboke. Hakuna rangi ya kuponya hapo. Usifute kwa mkono, usipashe moto, kwani mvuke wake ni sumu. Kipande kitengwe nje na kipelekwe kwa wenye ujuzi wa kemikali hatari.

Kina cha kitundu kikizidi robo ya unene wa bati, au ukigonga ukasikia sauti tofauti, boti lisishuke majini. Lipimwe unene kwa mashine, na mchomeleaji awe anayeijua aluminiamu ya baharini. Tangi la mafuta la boti usilichomelee wala kulipasha, hata kama limekaa tupu mwaka mzima.

KIPANDE CHEPESI MNO, KIMEGEUKA KIJIVU NA KUMUNG'UNYIKA

Huenda si aluminiamu. Baadhi ya mifuniko ya misumeno ya injini ya kukatia miti, mifuniko ya injini nyingine na vifaa vya kamera huundwa kwa aloi ya magneziamu, yenye gramu 1.8 hivi kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 2.7 za aluminiamu. Dondoshea tone la siki mahali palipokwaruzwa: magneziamu inatoa mapovu mara moja, aluminiamu inakaa kimya. Ikitoa mapovu, weka grenda chini. Vumbi la magneziamu linawaka, na ukilimwagia maji unaongeza moto, maana linayavunja maji na kutoa hidrojeni. Moto huo hufunikwa kwa mchanga mkavu kabisa, si wa ufukweni uliolowa, na Zimamoto wanapigiwa 114 ukiwa umeshatoka nje. Rangi ya kipande kama hicho hutolewa kwa mkono, taratibu, na kinga yake ya chini huwekwa na karakana yenye dawa zake. Mimi sizifanyi.

Kazi nyingine ninayoikataa ni mitungi. Kijana mpiga mbizi aliniletea mtungi wa aluminiamu, rangi imebanduka shingoni, anataka pauda ya njano. Mitungi hiyo hupata nguvu yake kwa kupashwa joto kwa kipimo kiwandani, na ikiingia tena kwenye oveni ya nyuzi 180 nguvu hiyo inapungua bila kuonyesha alama yoyote nje, kisha siku ya kujazwa hewa inaweza kupasuka. Nikamwonyesha unga mweupe chini ya kamba ya kubebea, ambako maji ya chumvi yalikuwa yamekaa. Nikamwambia aivue kamba kila akitoka majini, asuuze kwa maji matamu, rangi atie ya brashi inayokauka kwa hewa, na kabla ya yote mtungi ukapimwe shinikizo. Akaninunia, akaubeba begani akaondoka. Jumamosi iliyofuata akarudi na kamba mkononi, kuuliza praima gani.